Mafuta mepesi ya kupuliza kwa kibadilisha gia cha baiskeli

Wenzo wa gia wa baiskeli yangu ulikuwa umelegea kabisa: nikiusukuma kwa kidole gumba, ulikwenda na kurudi bila ule mlio wake wa "tki" na bila gia kubadilika. Nilikaribia kununua mwingine kabla ya kujaribu kopo la mafuta mepesi lenye mrija mwembamba, na nimeridhika nalo mno. Ndani ya kibadilisha gia, yaani kifaa chenye wenzo huo, mna ulimi mdogo wa chuma unaosukumwa na springi ili ung'ate meno ya gurudumu dogo linalovuta waya wa gia. Grisi ya kiwandani ikizeeka hugeuka kama nta, ulimi ukanasa, na mtu akadhani chuma kimechakaa. Nilifungua kifuniko, nikapuliza, kisha nikausukuma wenzo mara nyingi huku uchafu wa kahawia ukichuruzika kwenye kitambaa, na baada ya dakika chache mlio ukarudi. Dosari ya mafuta haya ni kwamba hukauka upesi, kwa hiyo niliongeza matone machache ya mafuta ya cherehani. Grisi nzito isitiwe, kwani itaunasa ulimi upya. Diski na pedi za breki zifunikwe kwanza, maana zikilowa mafuta breki hazishiki.