Uzi wao naupenda, pete zao sizitaki: uzoefu wangu wa kuagiza vifaa vya mikoba nikiwa kisiwani

Niseme mapema: uzi wa duka hili ni mzuri sana, na pete zao sizitaki hata kwa kupewa bure. Anayetaka jibu fupi ndilo hilo. Anayeshona mikoba na kuishi kisiwani kama mimi asome mpaka mwisho, maana sisi tukiuziwa kibovu hatuna pa kukikimbizia jioni hiyo hiyo.

Kwa wasioyajua maisha haya: cherehani ipo, mikono ipo, na turubai hupatikana ukiwa na subira. Kinachotutesa ni vile vidude vidogo. Pete za D, yaani zile zenye umbo la herufi D zinazoshika mkanda wa mkoba, kulabu za mkanda, vifungo vya sumaku, ribiti za kubania ngozi, zipu ya rola ile ya kukata kwa mita, na vichwa vyake. Fundi wa bara akipungukiwa pete moja anatoka, ananunua, anarudi, kazi inaendelea. Mimi nikipungukiwa pete moja, mkoba mzima unalala mezani ukingoja meli, na meli nayo inangoja bahari itulie. Gundi ya ngozi ndiyo balaa kubwa zaidi, kwa sababu inashika moto upesi na ndege hazikubali kuibeba hivi hivi, kwa hiyo inakuja kwa maji, ikija. Ndiyo maana huwa naagiza vya msimu mzima kwa mkupuo. Na ndiyo maana ukinidanganya, unanidanganya kwa jumla, si kwa rejareja.

Duka lenyewe ni la mtandaoni, sitalitaja jina, wao wenyewe wakisoma watajijua. Niliagiza kwao miezi mitatu minne iliyopita, kabla bahari haijachafuka. Pete niliyoichagua ilikuwa ghali kuliko zote kwenye ukurasa ule, na niliichagua kwa sababu moja tu: iliandikwa "shaba ya manjano tupu". Maneno hayo manne ndiyo niliyoyalipia. Shaba ya manjano ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, haina chuma ndani yake, kwa hiyo haipati kutu. Itafifia, ndiyo. Itaota ukijani kwenye kona, ndiyo. Lakini ukijani huo unaufuta kwa siki na chumvi kidogo, ukasuuza, ukakausha, na pete ikarudi kung'aa. Mtu anayeishi karibu na maji ya chumvi hanunui shaba kwa maringo. Ananunua ili asilale akiwaza.

Mzigo ulikuja vipande vipande, kama kawaida yao. Kwanza zikaja pete na uzi. Pete zilikuwa zinawaka, jamani, nzuri, nzito mkononi. Nikashona. Nilishona mikoba ya turubai rangi ya maziwa yenye mshikio wa ngozi ya kahawia, na sijisifu, ilitoka vizuri. Ikanunuliwa yote kabla sijaipiga picha sawasawa.

Kisha akaja mama mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, mtu asiyependa maneno mengi. "Mwanangu, sikuja kwa ugomvi," akasema, akauweka mkoba mezani na kuugeuza. Chini ya kila pete kulikuwa na alama ya kahawia, nusu duara, umbo la pete lenyewe. Turubai ilikuwa imeinywa kutu mpaka ndani, na nilipovuta bitana nje nikaikuta alama ile ile upande wa pili, imefifia kidogo. Halafu akanionyesha bega la gauni lake. Pale ulipokuwa unagusa mkanda, doa. Gauni la kutokea.

Niliishika pete ile nikaiangalia kwa makini. Pete ya D ni waya mnene uliokunjwa ncha zikakutana, na zisipochomelewa panabaki ufa mwembamba sana. Huo ndio mlango. Mchovyo wa dhahabu juu ulikuwa bado unang'aa vizuri kabisa, ungeweza kuuvalia harusini, lakini kwenye ule ufa palikuwa na unga mwekundu, na mchovyo wa pande zake umeanza kunyanyuka na kubanduka. Upepo wetu unabeba chumvi. Chumvi inatua kwenye kila kitu, inavuta unyevu, na chuma kikilowa maji ya chumvi kinaoza upesi kuliko kikilowa maji ya mvua. Chuma lakini! Mimi sikununua chuma.

Wiki hiyo hiyo, au iliyofuata, sikumbuki, kikafika kile kifurushi cha pili. Vifungo vya sumaku, na salio la pete. Wakaniondolea shaka wao wenyewe, kwa mikono yao, kwa sababu walikuwa wamevitia vyote kwenye mfuko mmoja wa nailoni. Niliinua kifungo kimoja cha sumaku na pete zikaja nacho, zimening'inia kama popo. Shaba haivutwi na sumaku. Haivutwi hata kidogo. Nikatafuta tupa, nikasugua ukingo wa pete moja mpaka rangi ikaondoka. Juu dhahabu, chini kijivu. Basi.

Hapo nilikuwa nimekasirika lakini bado nina adabu. Kosa hutokea, mtu huchanganya maboksi, ghala ni kubwa. Nikapiga picha: pete zimeshikwa na sumaku, pete iliyosuguliwa, mkoba wenye madoa. Nikawaandikia huduma kwa wateja kwa upole kabisa, nikaanza na salamu.

Kijana aliyenijibu, sijui kijana sijui mzee, akaandika: "Dada, kisiwani kila kitu kinashika kutu."

Nikamwambia, kaka, shaba haishiki kutu, iwe kisiwani, iwe mwezini. Akajibu kwamba hayo ni mambo ya hewa ya huko kwetu. Nikamtumia tena ile picha ya sumaku. Kimya. Baada ya muda akanikumbusha kwamba bidhaa hurudishwa ndani ya siku 7 tangu kupokelewa, zikiwa hazijatumika, na gharama ya kurudisha ni ya mteja. Siku 7! Meli ya mizigo ikiharibikiwa tu hapa siku 7 zinaisha watu bado wako gatini wanaangalia upepo. Na nauli ya kurudisha mzigo ule ingezidi thamani ya pete zenyewe, jambo ambalo nadhani analijua vizuri, kwa sababu hakubisha nilipolisema.

Haya yote ningemsamehe. Nasema kweli. Masharti si yake, yeye ameajiriwa tu. Lakini kabla ya kuaga akaongeza: "Kwani dada, mikoba ya kushona nyumbani inahitaji shaba kweli?"

Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi kuliko inavyofaa kwa afya yangu.

Hebu nimweleze, kwa kuwa aliuliza. Mkoba wa kushona nyumbani ndio unaohitaji shaba kuliko mwingine wowote, kaka, kwa sababu mteja akipata doa hapigi simu kiwandani. Anakuja mlangoni. Anakujua jina, anamjua mama yako. Na kubadilisha pete si kazi ya kuvua hii ukavalisha ile. Pete imefungwa ndani ya kipande cha ngozi, kipande kimeshonewa mwilini, na juu yake pamepita mshono wa mapambo na ribiti. Unafumua uzi, unavunja ribiti kwa koleo. Turubai ukiifumua unaipitishia mvuke wa pasi, matundu yanajifunga, hakuna atakayejua. Ngozi haisamehi. Tundu la sindano kwenye ngozi ni la milele, na ukishona tena juu ya matundu yale yale kipande kinachanika kama stempu. Kwa hiyo unakata ngozi mpya. Na ngozi nayo inatoka wapi? Ng'ambo. Na meli je? Haya.

Nimewafumulia wote waliorudisha, bila kuwatoza. Wengine hawajarudisha, na hao ndio wanaonikosesha usingizi.

Sasa uzi. Hapa lazima niwe mkweli hata kama roho inagoma. Uzi wao wa poliesta ni bora kuliko wowote niliowahi kuupitisha kwenye cherehani yangu. Kwa sisi wa kisiwani poliesta ndiyo yenyewe: pamba inaoza kwa unyevu, nailoni ina nguvu lakini jua linaichosha mapema zaidi. Huu wa kwao unapita kwenye sindano namba 16 bila kuchanika, hautoi vumbi kwenye bobini, na mshono wa juu unalala sawa kwenye matabaka manne ya turubai na gamu ya kukazia ndani. Rangi niliyoiona kwenye picha ndiyo iliyokuja. Tena kila koni ilifungwa kwa karatasi, na mtu ameandika kwa mkono namba ya rangi na unene wake, kwa mwandiko mzuri, ili nikitaka tena nijue cha kuagiza. Aliyefunga uzi ule na aliyeandika "shaba ya manjano tupu" hawawezi kuwa watu wanaosalimiana.

Na zipu pia. Ilikuwa ya YKK, ile kampuni ya Japani iliyoanza mwaka 1934, herufi zimegongwa kwenye kichwa, na zipu namba 5 ilikuja na vichwa vya namba 5. Unaweza kuona ni jambo dogo. Aliyewahi kununua zipu ya rola akaletewa vichwa visivyoingia, akakaa nayo kama mkanda wa suruali, anajua ninachosema. Hata vichwa vya ziada walitia, sikuomba.

Kwa hiyo nilipokuwa naandika hapo juu nilikuwa nimeamua nyota tatu. Uzi mbili, zipu moja. Nikaona nimetenda haki.

Halafu nikaingia kwenye ukurasa wao leo kuangalia jina kamili la ule uzi ili niwaandikie hapa, na nikaiona pete. Bado ipo. Picha ile ile, maneno yale yale, "shaba ya manjano tupu", bei imepanda. Picha zangu wanazo. Ushahidi wa sumaku wanao. Hawakubadilisha hata nukta. Basi si boksi lililochanganywa tena, na mimi nyota zangu nazichukua. Nabakiza moja, ya yule mwenye mwandiko.

Kwa wanaolazimika kununua pete kwa picha kama mimi: waombeni wawatumie moja ya mfano kwanza, hata kama mtailipia. Ikifika ijaribuni kwa sumaku, lakini msiishie hapo, kwa sababu ile aloi ya zinki inayotumika kwenye vifaa vya bei rahisi nayo haivutwi na sumaku. Sugueni kwa tupa mahali pasipoonekana. Shaba ya manjano ni njano mpaka ndani. Kijivu kikitokea, mnajua mmeshika nini. Na kama mkoba ni wa rangi nyepesi, epukeni pete yenye ufa usiochomelewa, hata muuzaji akiapa.

Mimi kwa sasa nimeacha pete kwenye mikoba mingi. Mkanda naushonea moja kwa moja ndani ya mshono wa pembeni, napiga mraba wenye msalaba katikati, imekwisha. Haurefushwi wala haufupishwi, na wapo wateja wanaolalamikia hilo. Wengine wanasema ni mzuri zaidi hivi, mwepesi. Yule mama nilimshonea mwingine wa namna hiyo na akaupokea, ila gauni halijatakata. Nimemwambia asitumie dawa ya kung'arishia, maana ile ya klorini inaikoleza kutu badala ya kuitoa. Tunajaribu limau na jua, taratibu.

Uzi nitaagiza tena kwao. Ndiyo, baada ya haya yote. Nimetafuta kwingine na sijapata unaolingana, na aliyenitukana si aliyeusokota. Nikiwapigia hesabu ya hasira ningewahama jana, lakini nina mikoba ya oda mezani na koni imebaki imekonda.

Jana usiku wamenitumia ujumbe wa kuniomba radhi "kwa usumbufu uliojitokeza", na kuponi ya punguzo. Nimeisoma masharti yake yote. Inatumika kwenye pete tu, na muda wake unaisha kabla ya meli ijayo.