Muziki wa Gari kwa Bajeti Ndogo Tanga: Spika Kwanza, Amplifaya Baadaye

Ingia duka la vifaa vya magari Ngamiani, uliza muziki wa kufunga kwenye IST au Probox, na kitu cha kwanza utakachowekewa mezani ni amplifaya yenye maandishi makubwa: wati 2000, wati 3000. Mrudishie. Kwa mwenye laki tatu au nne mfukoni, nusu ya pesa iende kwenye spika za milango ya mbele, kisha ndiyo tuongee mengine.

Kama gari bado lina redio iliyokuja nayo kutoka Japani, anza kwa kuibadilisha. FM ya redio za Kijapani za zamani ilitengenezwa kwa masafa ya megahezi 76 hadi 90, kwa hiyo stesheni zote za juu ya hapo huzipati. Vile vidude vya kuhamisha masafa ni kiraka tu.

Namba moja kwangu ni jozi ya spika za inchi sita na nusu, zile zenye twita (kispika kidogo cha sauti nyembamba) katikati. Redio nyingi zimeandikwa 50 x 4 usoni, lakini sauti safi isiyokoroma inaishia wati 15 hadi 20 kwa kila spika. Ndiyo maana wati zilizoandikwa kwenye boksi la spika hazikusaidii. Tafuta usikivu wake, yaani inavyotoa sauti kubwa kwa nguvu ileile, ule unaoandikwa kwa dB (desibeli). Kila dB 3 zikiongezeka ni kama umezidisha nguvu mara mbili: spika ya dB 92 ikipewa wati 20 inatoka sawa na ya dB 89 iliyopewa wati 40. Hiyo ni amplifaya ya bure.

Chukua yenye koni ya plastiki na ukingo wa mpira. Hewa ya chumvi tunayoishi nayo, pamoja na milango ya magari ya zamani inayovuja masika, haiionei huruma karatasi. Kwa spika ya mtumba, bonyeza ukingo taratibu kwa kidole gumba. Sponji iliyochoka inamomonyoka hapo hapo. Muuzaji akinuna, jibu umeshalipata. Na fundi azibe matundu ya mlango kabla ya kufunga, maana besi nyingi inapotelea humo. Kwa rekodi za Black Star Musical Club, taarabu ya hapa hapa Tanga, ambako sauti ya mwimbaji na gitaa ndizo zinazobeba wimbo, wengi wataishia hapa na wataridhika.

Namba mbili ni amplifaya ndogo ya chaneli nne, yaani ya kulisha spika nne, ya aina ya klasi D ukiipata, kwa sababu haili umeme mwingi wala haichemki kama klasi AB. Wati zake zisome kwenye fyuzi, si kwenye boksi. Ikiwa na fyuzi moja ya ampea 25, zidisha kwa volti 14: umeme unaoingia ni wati 350. Klasi AB inapoteza karibu nusu yake kwa joto, kwa hiyo unabaki na kama wati 200 kwa chaneli zote. Sasa ile "wati 3000" yenye fyuzi kama hiyo, hizo nyingine inazitoa wapi? Namba ya kuamini ni ile yenye herufi RMS, yaani nguvu inayotoka mfululizo, na hata hiyo ilinganishe na fyuzi.

Waya nao ukwangue kwa kisu. Ukiona weupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Nunua mnene zaidi au tafuta shaba tupu. Fyuzi ya waya mkuu ikae karibu kabisa na betri, si kule kwenye amplifaya. Waya wa bodi, yaani wa hasi, ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, la sivyo utasikia mluzi unaopanda kila ukikanyaga mafuta.

Ya tatu: sabufa bapa ya chini ya kiti, yenye amplifaya yake ndani. Haitikisi vioo vya jirani, ila buti linabaki huru kwa magunia ya machungwa ya Muheza.

Ya nne ni spika za yai, 6 x 9, za nyuma. Zina besi, lakini mwimbaji anakuimbia kisogoni.

Mwisho kabisa naweka sabufa ya inchi 12 na amplifaya yake. Si mbaya hata kidogo. Gharama yake ndiyo inayojificha: waya mnene, boksi la mbao, betri yenye afya, na alteneta isiyolalamika. Ukiwa na bajeti ndogo utaishia kubana vyote, na usiku taa zitafifia kila besi ikipiga.

Usikubali pia fundi aunganishe spika mbili za omu 4 (kipimo cha ukinzani wa umeme) kwenye chaneli moja ya redio kwa sambamba. Zinakuwa omu 2, na redio nyingi zinaungua kwa mzigo huo.

Siku ya kununua nenda na nyimbo zako kwenye flashi, na mwambie muuzaji azime vikolezo vyote vya besi kabla ya kujaribu. Asipotaka, vuka barabara uulize duka jingine.