Ziara ya kuonja vyakula Lyon: keneli waliiua wenyewe, lawama nikapewa mimi

Nyota moja. Naandika nikiwa bado na hasira, na hasira yenyewe ina sababu moja tu: keneli iliyosinyaa. Ziara ya kutembea kwa miguu iliyochukua karibu saa nne ndani ya Lyon, Ufaransa, zaidi ya yuro 80 kwa kichwa, imenadiwa kuwa ni ya "mapishi ya jadi", halafu chakula kinachobeba jina la mji kinafika mezani kimeshakufa.

Kwa asiyeijua, keneli (kwenye menyu utaona quenelle de brochet) ni tonge laini la samaki linalotengenezwa kwa brochet, samaki wa maji baridi mwenye nyama nyeupe, tamu, na miiba ya kukatisha tamaa, midogo, yenye panda kama herufi Y. Ukijaribu kumla mzima utatema kuliko utakavyomeza. Ndiyo maana nyama yake inasagwa na kupitishwa kwenye chekeche. Pembeni unga unasongwa motoni kwa maji au maziwa na siagi, kama ugali, mpaka uachane na sufuria, ndipo mayai yanaingia moja moja. Vitu hivyo viwili vinachanganywa, wapishi wa zamani wakiongeza mafuta ya figo ya ng'ombe, kisha mchanganyiko unalazwa kwenye baridi, bora usiku kucha, la sivyo unaweza kusambaratika majini. Unaundwa kwa vijiko viwili, unatokoswa kwenye maji ya chumvi ambayo hayaruhusiwi kuchachamaa, kama robo saa hivi.

Hapo bado haijawa chakula. Kazi kubwa ni ya oveni: nyuzi 180, dakika 20 hadi 30, ndani ya bakuli lenye sosi nyingi na nafasi kati ya keneli na keneli, maana inavimba hadi kukaribia mara mbili ya ilivyoingia. Kinachoivimbisha ni mvuke ulionaswa ndani ya mayai. Ikitoka ovenini mvuke unaanza kupoa, na mlaji ana dakika chache tu za kuikuta laini, nyepesi, ikitetemeka ukigusa bakuli. Ukichelewa inashuka. Ukiirudishia joto kwenye maikrowevu inakuwa mpira. Mpishi yeyote wa Lyon anajua hili, na anayeongoza watu kwenda kuila analazimika kulijua.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Mgahawani tulitarajiwa saa sita na nusu. Mwongozaji wetu akatuingiza kwenye traboule ndefu, ile njia ya kupenya ndani ya majengo inayoanzia namba 54 rue Saint-Jean na kutokea namba 27 rue du Bœuf. Njia nzuri, inakatiza nyua kadhaa, na kuipita kwa mwendo wa kawaida ni suala la dakika chache. Tulikaa humo dakika ishirini na tano! Alikuwa anahadithia kwa sauti ya mkutano wa hadhara wakati juu yetu wanaishi watu, na mlangoni kuna tangazo la kuomba ukimya. Alichohadithia ni Eugénie Brazier, mpishi wa Lyon aliyepata nyota tatu za Michelin (kitabu kinachopima ubora wa migahawa) kwa kila mmoja wa migahawa yake miwili kwa mpigo, mwaka 1933. Ni habari ya kusimuliwa, na mama yule anastahili. Lakini isimuliwe mezani, watu wamekaa, keneli iko ovenini, harufu inatoka jikoni. Simu yake iliita mara mbili, akaizima.

Tulipofika ilikuwa saa saba kasoro. Bakuli zikaletwa mara moja, kabla hata watu hawajavua makoti, na hapo hapo moyo wangu ukashuka, kwa sababu keneli ya kweli inakufanya uisubiri. Yangu ilikuwa imebonyea katikati kama mto uliolaliwa. Ngozi yake ilikuwa na mikunjo, na upande mmoja imepasuka. Sosi ya Nantua, ile ya maziwa, krimu na siagi ya kamba wa mtoni, ilikuwa imefanya utando juu kama chai ya maziwa iliyosahauliwa, na pembezoni imekauka na kugeuka kahawia. Chini ya bakuli hapakuwa na sosi kabisa, keneli ilishainywa yote. Nilipokata, kijiko kiliruka. Nje moto wa kuunguza ulimi, katikati vuguvugu. Hiyo ni alama ya maikrowevu, wala haihitaji ubishi.

Nikamwambia mwongozaji, kwa Kifaransa na kwa adabu, kwamba keneli imeshuka na imepashwa moto. Hakuitazama sahani. Alinitazama mimi kuanzia juu mpaka chini, akasema: "Labda hujazoea chakula chetu."

Nimeandika sentensi hiyo kama ilivyo ili wanaopanga kwenda waijue. Ukilipa, ukauliza swali la haki kuhusu chakula, jibu unalopewa linahusu ulikotoka. Wenzangu mezani, wengi wao wakiwa wanakula keneli kwa mara ya kwanza, wakatazama sahani zao wakaendelea kutafuna mpira. Ndilo linaloniuma zaidi. Watu kumi na wawili wameondoka Lyon wakiamini kwamba hicho ndicho chakula chenyewe.

Mwenye mgahawa alisikia, akatoka jikoni. Akachukua bakuli langu, akaibonyeza keneli kwa kidole, akaomba radhi bila kuzungukazunguka. Alieleza kwamba kampuni ya ziara inataka kundi lihudumiwe ndani ya dakika kumi tangu kukaa, kwa hiyo jikoni hulazimika kuziingiza keneli ovenini kabla watu hawajafika. Kundi likichelewa, zinakaa. Akasema zipo zilizokwisha kutokoswa ambazo hazijaingia ovenini, ataniingizia nyingine, dakika ishirini na tano. Nilikuwa tayari kusubiri, hata wawili wa jirani zangu walikubali. Mwongozaji akakataa. Eti ratiba! Ratiba ile ile aliyoivunja yeye kwenye traboule.

Kwa hiyo naondoa lawama jikoni, hata kama mwanzoni niliziweka huko kichwani mwangu. Na dawa ilikuwa rahisi. Kundi likae kwanza, keneli ziingie ovenini, na kwa zile dakika 25 ziletwe vitu vya baridi: mkate na cervelle de canut, jibini laini nyeupe lililopigwa pamoja na vitunguu vidogo, majani ya vitunguu, kitunguu saumu, mafuta ya zeituni na siki. Jina lina maana ya "ubongo wa mfuma hariri", lakini hakuna ubongo humo, msiogope. Sisi tuliletewa baada ya keneli, likiwa limetoa maji.

Haya, lazima nitende haki. Saa ya kwanza ya ziara hii ilikuwa bora kuliko nilivyotegemea, na nikiikumbuka nataka kupandisha hadi nyota tatu. Tulianzia Les Halles de Lyon-Paul Bocuse, soko la ndani lililoko Part-Dieu. (Msikubali kwenda Jumatatu, wauzaji wengi wamefunga, na hata masoko ya nje ya Croix-Rousse na Saint-Antoine hayapo siku hiyo.) Mama mmoja wa jibini alitupa somo ambalo mwongozaji hakutoa siku nzima. Alichukua Saint-Marcellin, jibini dogo la duara la maziwa ya ng'ombe, halienei hata kiganja, akatuuliza: mnalila leo, kesho, au keshokutwa? Kisha akabonyeza moja moja kwa kidole gumba bila kuvunja ngozi. La leo lilikuwa linacheza ndani kama yai bichi. Akalikata juu, likamwagika taratibu kwenye mkate, rangi ya malai, harufu kali kidogo ya zizi na ladha ya lozi mwishoni. Akasema likishafika hapo lisirudishwe kwenye friji, linakuwa chungu. Akatupa na la keshokutwa tulinganishe, gumu bado katikati, chachu zaidi. Dakika nane tu, na watu wote wakanyamaza. Hivyo ndivyo chakula kinavyofundishwa.

Keki ya pralini nayo haikuwa mbaya. Ni lozi zilizopakwa sukari yenye rangi nyekundu, zinapondwa, zinachemshwa na krimu kwa uzito sawa mpaka zito, kisha zinamiminwa kwenye ganda la unga lililookwa. Waliokulia kwenye kashata wataielewa papo hapo, na kosa lake ni lile lile: ukizidisha dakika mbili motoni inavunja meno, ukipunguza inatiririka. Yetu ilisimama vizuri, ikakatika bila kuvutika.

Lakini nikifikia suala la nguruwe nyota zinashuka tena. Mapishi ya Lyon yamejaa nguruwe: rosette (soseji iliyokaushwa), soseji iliyookwa ndani ya mkate wa siagi, saladi ya Lyon yenye vipande vya mafuta. Kwenye fomu niliandika wazi kwamba situmii, wakajibu "hakuna shida". Siku yenyewe nikaambiwa nitoe vile vipande kwenye saladi. Jamani! Saladi ile inatengenezwa kwa kukaanga vipande vya nguruwe, kutia siki kwenye kikaango hicho hicho, na kumwagia mafuta yale ya moto juu ya majani. Utoe vipande, mafuta utayatoaje? Anayejua mapishi hawezi kutamka hivyo kwa nia njema. Mbadala upo tele: keneli yenyewe, mradi uulize sosi, cervelle de canut, na tablier de sapeur, utumbo wa ng'ombe wa ile sehemu yenye sega la nyuki, unaopakwa chenga za mkate na kukaangwa. Huo wa mwisho una tahadhari mbili. Kwa kawaida unalowekwa kwenye divai nyeupe kabla ya kukaangwa, na mafuta ya kukaangia uyaulize pia. Wasiokunywa walitazama tu wenzao wakimiminiwa kutoka kwenye pot, chupa ya Lyon yenye kitako kinene inayobeba sentilita 46. Badala yake hawakupewa chochote, hata juisi.

Na maji! Tulitozwa maji ya chupa, wakati Ufaransa ukikaa kula mgahawani una haki ya jagi la maji ya bomba bila malipo. Sema tu "une carafe d'eau". Mwishoni mwongozaji akapitisha mkono akitaka hela ya soda, akieleza kwamba huduma haimo kwenye bei ya chakula. Imo. Bei za migahawa ya Ufaransa zinajumuisha huduma kisheria, na menyu ya pale pale ilikuwa na maneno "service compris" chini kabisa. Kumpa mtu ahsante kwa hiari ni jambo jema, na yule mama wa jibini ningempa bila kuombwa. Huyu sikumpa.

Basi nisimame wapi? Soko peke yake, nyota nne. Mgahawa, kama ningeenda mwenyewe siku ya kawaida, pengine nne pia, na nikirudi Lyon nitapiga simu kuweka meza pale bila kupitia kampuni yoyote. Ziara kama ziara, moja. Nilitaka kuandika mbili nikiwa kwenye treni ya kurudi, kisha nikakumbuka "hujazoea chakula chetu", nikafuta.

Kabla ya kulipa ziara yoyote ya Lyon yenye keneli, watumieni swali moja kwa maandishi: keneli zinaingia ovenini kabla au baada ya kundi kukaa? Mwenye kuelewa atajibu "baada" na atakwambia utakula nini wakati unasubiri. Niliwauliza hao wangu swali hilo baada ya kurudi, pamoja na malalamiko yote. Wamenijibu kwa namba ya punguzo la asilimia 10 kwa ziara ijayo. Kuhusu oveni hawakusema neno.