Uchambuzi: Mrututu wa kupimiwa dukani, tuupulizie kahawa au tuache?

Karibuni tena, wakulima wenzangu. Leo mezani nina mrututu, yaani salfeti ya shaba. Nausogeza karibu na kamera muone chenga zake: buluu iliyokolea, zinang'aa. Kilo moja ina kama gramu 250 tu za shaba yenyewe. Zikipauka na kuwa nyeupe, zimepoteza maji, hazijaharibika. Zikiwa na ukijani, mimi nasita kununua, maana salfeti ya chuma ina rangi hiyo na bei yake ni ya chini.

Mrututu na chokaa ndiyo dawa ambayo Mfaransa Millardet aliitangaza mwaka 1885 kwa mizabibu ya Bordeaux. Kwetu inazuia magonjwa ya ukungu: chulebuni, inayoharibu matunda, na kutu ya majani kwenye kahawa, na bakajani kwenye nyanya. Inazuia, haitibu, jani likishaoza umechelewa.

Kwa bomba la lita 20: mrututu gramu 200, chokaa iliyozimwa gramu 200. Kila kimoja kiyeyushe kwenye ndoo yake ya plastiki, kisha mimina mrututu kwenye chokaa huku unakoroga. Ndoo ya bati hapana! Tazameni huu msumari niliouchovya kwenye maji ya mrututu mtupu: umevaa koti jekundu. Hiyo ni shaba imeganda juu, na chuma chenyewe kinaliwa. Sasa msumari msafi uchovye kwenye mchanganyiko uliokamilika. Ukitoka mwekundu, chokaa haijatosha na utababua majani, kwa hiyo ongeza. Chuja kwa kitambaa, la sivyo utashinda unazibua nozeli. Na uimalize siku hiyohiyo.

Tuje kwenye sumu, kwa sababu wengi mnasema "hii ni dawa ya zamani, haina neno". Ikiingia machoni inaweza kuharibu jicho moja kwa moja. Aliyeimeza hutapika matapishi ya kijani au buluu, seli nyekundu za damu hupasuka, ini na figo huumia. Huyo mkimbize hospitali pamoja na pakiti yake, msimtapishe. Ureno, mwaka 1969, madaktari walieleza ugonjwa wa mapafu wa watu waliopulizia mizabibu miaka mingi, kwa hiyo barakoa na miwani si mapambo. Kondoo nao hawaivumilii shaba. Msiwakatie majani ya chini ya mibuni iliyopuliziwa. Bomba msilisuuzie mtoni: ni mrututu huuhuu uliotumika kuua konokono wa kichocho kwenye mifereji ya Gezira, Sudan, na samaki hawasalimiki.

Tena shaba haiozi, inabaki udongoni. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kilo 28 za shaba kwa hekta katika miaka 7.

Upatikanaji si shida, maduka mengi ya pembejeo yanao. Shida yangu ni huu mfuko niliopimiwa dukani: nailoni nyeupe, umefungwa fundo, hauna jina, hauna tarehe, hauna onyo. Mtoto akiuokota atadhani ni pipi. Dawa yenyewe naipa nane kwa kumi, mfuko sifuri. Dai pakiti iliyofungwa kiwandani, yenye namba ya usajili wa viuatilifu. Na kama una mibuni michache tu nyuma ya nyumba, achana na ndoo mbili na misumari. Nunua kopa ya unga, yaani dawa ya shaba iliyo tayari, fuata kipimo cha kwenye lebo.