Baiskeli ya mlimani ya kwanza: 26, 27.5 au 29? Soma ubavu wa tairi kabla hujalipa

Habari zenu watazamaji, karibuni. Hapa mbele zipo baiskeli tatu za mlimani: ya magurudumu ya inchi 26, ya 27.5 na ya 29. Kama ndiyo unanunua ya kwanza, anza na fremu inayokutosha, gurudumu lifuate. Lakini kuna namba moja lazima uisome.

Kamera isogee hapa, ubavuni mwa tairi. Imeandikwa 26 x 1.95, na pembeni yake 50-559. Hiyo 50 ni upana wa tairi kwa milimita. 559 ni kipenyo cha ringi pale tairi linapokaa. Ya 27.5 ni 584, ya 29 ni 622. Ziamini hizi, maana inchi zinadanganya. Ile baiskeli ya mtumba kutoka Japani yenye kikapu mbele nayo huitwa 26, kumbe ni 26 x 1 3/8 na ringi yake ni 590. Tairi la mlimani haliingii pale hata ufanyeje. Na ile nyeusi ya kubebea mizigo, 28 x 1 1/2, ringi yake ni 635, yaani kubwa kuliko ya 29! Kwa hiyo muuzaji akikwambia "chukua tu la 28, zinakaribiana", muachie mwenyewe.

Haya, njiani sasa. Gurudumu la 29 likikutana na jiwe au mzizi linapanda kwa wepesi, halizami sana kwenye mashimo, na likishashika kasi halipotezi mwendo ovyo. Kwenye barabara za mawe za Usambara utaona tofauti. Ubaya wake ni uzito: linachelewa kuchanganya, na spoki zake ndefu zikiwa za bei rahisi ringi inapinda mapema. Kwa mtu mfupi, linanyanyua usukani na kubana nafasi ya miguu. Ndiyo maana kampuni ya Trek, kwenye baiskeli yao ya mlimani iitwayo Marlin, waliweka 27.5 kwenye fremu ndogo na 29 kuanzia za kati.

Na 26? Kampuni kubwa karibu zote zimeshaiacha kwenye baiskeli mpya za watu wazima. Hata hivyo tairi na tyubu zake ndizo rahisi kupatikana kwa mafundi wetu, na kama unakaa mbali na mji, mimi nisingekukataza.

Kupima fremu: vaa viatu, panda juu yake usimame wima, nyayo zote chini. Kati ya bomba la juu na msamba ibaki nafasi ya sentimita 5 hivi. Kisha kaa kwenye siti, kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Ikibidi uvute nguzo ya siti kupita alama ya mwisho, fremu hiyo ni ndogo kwako. Ukilazimisha, bomba la fremu linaloshika nguzo hiyo litapasuka pale juu.

Shokapu ya mbele kwenye baiskeli za bei ya chini ni mapambo. Tazama, nabonyeza, inarudi juu ghafla kama springi ya godoro, hakuna kinachoizuia. Zaidi ya kilo 2 za chuma kwa kazi hiyo! Foku, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele, isiyo na shokapu, tairi la upana wa inchi 2.2 na upepo wa psi 30 hivi (kipimo cha kwenye pampu) kwa mtu wa kilo 70, hapo unapata raha zaidi. Usishushe upepo kupita kiasi. Tyubu ikibanwa kati ya jiwe na ringi inatoboka matundu mawili kwa mpigo.

Nyuma, gia 7 mara nyingi ni friwili, yaani fungu la gia linalokazwa kwenye habu kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa. Beringi ya kulia inabaki ndani, mbali na fremu, kwa hiyo ekseli inapinda ukiwa mzito au ukiruka ruka. Kaseti, ile aina nyingine ya fungu la gia, haina shida hiyo. Kuzitofautisha, zungusha gia kinyumenyume ukitazama vile vijino vya katikati ambavyo fundi huingizia kifunguo: vikizunguka pamoja na gia ni kaseti, vikitulia ni friwili.

Baiskeli ikitolewa kwenye boksi na kufungwa haraka haraka, foku huweza kuwekwa nyuma mbele. Kama ina breki za diski, kile kifaa kinachobana diski ya mbele kiwe kushoto, nyuma ya mguu wa foku. Kikiwa mbele, irudishwe kwa fundi kabla hujaipanda.

Vali nayo itazame. Nene kama ya gari unajaza upepo hata kituo cha mafuta. Nyembamba inadai pampu yake au adapta, na tundu lake kwenye ringi ni dogo, milimita 6.5, vali nene haipiti. Nunua tyubu mbili za akiba palepale dukani, zenye vali ileile.