Utani mzuri, pini mbovu: kitabu cha kuagana cha Kidato cha Nne, Malindi

Kitabu hiki kina kurasa 48 za ukubwa wa A5 na jalada la karatasi nzito inayong'aa, na kiliuzwa kwa shilingi 650 siku ya maombi ya watahiniwa, juu ya meza iliyowekwa nje ya bwalo la shule moja ya sekondari ya mseto hapa Malindi. Waandishi wake ni wanafunzi wa Kidato cha Nne waliomaliza mwaka 2025. Mchapaji ni duka moja la mjini ambalo pia hutengeneza kadi za harusi, mihuri na vitambulisho vya kazini. Nawatenganisha wawili hawa tangu mwanzo kwa sababu wazazi wengi tuliokinunua tumekilaumu kitabu kizima kwa ajili ya picha zake, na lawama hiyo imewaangukia watoto ambao, kwa maoni yangu, walitimiza kazi yao vizuri kuliko watu wazima waliolipwa.

Kila mwanafunzi amepewa nusu ukurasa wenye picha, azma yake, neno la kuagana, na mstari mmoja ulioandikwa na wenzake chini ya kichwa "Mwisho wake". Sisi tuliofanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, katika miaka yake ya mwanzo, baada ya kuanzishwa mwaka 1989, tulikuwa na autografu, lile daftari dogo lililozunguka darasani likajazwa mashairi ya kunakili na mioyo ya wino mwekundu. Autografu ilikuwa ya mtu mmoja, na kila aliyeandika alimsifu mwenye daftari kwa kuwa alijua daftari linarudi kwake. Hapa darasa zima limeandika juu ya darasa zima, na matokeo yake ni ukweli ambao autografu haikuthubutu kuusema.

Mvulana mmoja ameandika kwamba azma yake ni kuwa daktari wa upasuaji, na wenzake wakamwekea mwisho wake: mpasuaji wa nazi sokoni. Anayetaka kuwa rubani ametabiriwa ukondakta wa matatu ya Malindi na Mombasa, akiwatangazia abiria kwa sauti ya upole kwamba wafunge mikanda kwani wanaanza kushuka Kilifi. Anayetaka uhasibu amepewa cheo cha mweka hazina wa chama cha akina mama, na baada ya mkato limeongezwa neno moja tu: "anayetafutwa". Msichana mwenye azma ya uhakimu ameambiwa kwamba ataishia kuwa mshenga, maana hajawahi kushindwa katika mabishano yoyote na hakuna baba wa bibi harusi atakayemkatalia. Utani wa namna hii haukuja kwa bahati. Ili mtu aandike "anayetafutwa" na wote wacheke, lazima wote wawe wanajua hadithi ya pesa za sare za mpira zilizokaa muda mrefu mfukoni mwa mtu fulani kabla ya kurudishwa. Mzazi asiyejua hadithi hiyo hucheka nusu, na sioni kwamba hilo ni kasoro, kwa sababu kitabu hakikuandikwa kwa ajili yetu.

Kilele chake ni kurasa za katikati, ambazo zimeandikwa kama taarifa ya habari ya mwaka 2045 inayosomwa kutoka Malindi. Habari ya kwanza inasema kwamba mwanaanga wa kwanza kutoka Kaunti ya Kilifi ameahirisha tena safari yake ya kwenda mwezini kwa kuwa hajakipata kiatu cha pili, na ninaarifiwa kwamba kijana anayehusika hakuwahi kufika kwenye gwaride la asubuhi akiwa na viatu vyote viwili. Roketi yenyewe inamsubiri Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Hapo nilisimama kidogo. Watoto hawa hawakuwa wamezaliwa wakati setilaiti ya mwisho iliporushwa kutoka kwenye majukwaa ya Waitaliano pale baharini, mwaka 1988, na wazazi wao wengi walikuwa wadogo sana au hawajazaliwa pia; ile ya kwanza ilirushwa mwaka 1967, na ile iliyoitwa Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ndiyo maana ikapewa jina hilo. Hata hivyo wameichukulia Ngomeni kuwa mahali pa kawaida pa kupandia chombo cha kwenda mwezini, kama ambavyo mtu angetaja stendi ya basi, na utani wote umesimama juu ya ukawaida huo.

Habari ya pili inahusu meli ya Wareno iliyotia nanga tena mbele ya mji. Nahodha wake, kama Vasco da Gama aliyekuja mwaka 1498, anatafuta mtu wa kumwonyesha njia ya kwenda Calicut, India, na wenyeji wote kwa sauti moja wamemtaja msichana mmoja wa darasa hili aliyekuwa akijua kila upenyo wa ua la shule, pamoja na saa ambayo mlinzi huenda kuswali. Msichana anakubali kazi, ila anataka alipwe kabla ya kung'oa nanga. Habari ya tatu inamtangaza kijana mrefu kuliko wote kuwa balozi mpya nchini China, "kwa kuwa tangu twiga wa Malindi alipopelekwa huko mwaka 1415 hajapatikana mwingine mwenye shingo inayofaa kazi hiyo". Habari ya michezo sikuielewa hata kidogo. Ya mwisho ni ya mvulana aliyejifunza Kiitaliano ufuoni kabla ya kujifunza Fizikia darasani, ambaye sasa ana duka la aiskrimu katikati ya Roma na anawauzia Waitaliano ladha ya embe la Malindi kwa bei ambayo hata wao wanailalamikia.

Mama mmoja kwenye kikundi chetu cha wazazi ameandika kwamba utani wa twiga ni wa kudhalilisha maumbile ya mtoto wa mwenzake. Namheshimu, na katika hali nyingine ningekuwa upande wake, kwa sababu mtu hakujichagulia shingo. Lakini nilipouliza niliambiwa kwamba habari hiyo iliandikwa na kijana mrefu mwenyewe, na akakataa kabisa ipunguzwe. Nimekipitia kitabu chote nikitafuta mzaha juu ya rangi ya ngozi, unene, umaskini wa nyumbani au dini ya mtu, na sikuuona. Wanaochekwa wanachekwa kwa kuchelewa, kwa kusinzia, kwa kukopa sabuni, kwa kujipendekeza kwa mwalimu wa zamu, yaani kwa mambo waliyoyatenda wao wenyewe mbele ya mashahidi. Watu wa pwani hii tunaujua utani na mipaka yake, na anayetaniwa hapa amepewa nusu ukurasa wake wa kujibu.

Sehemu ya wasia nayo ni nzuri, ingawa ni fupi kuliko ilivyostahili. Wanaoondoka wanawaachia Kidato cha Tatu ndoo isiyo na mkono, godoro lenye bonde katikati, kiti cha nyuma chini ya feni inayofanya kazi, nafasi ya saba kwenye foleni ya chapati ya Ijumaa, na daftari la Hisabati "lililo katika hali nzuri sana, halijatumika". Kuna mwandishi mmoja aliyeangalia mbele zaidi ya wenzake. Watoto wa mwisho kufanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, waliufanya mwaka 2023, wakaingia Kidato cha Kwanza mwaka 2024, na watamaliza mwaka 2027. Nyuma yao mfumo wa 8-4-4, yaani miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu, hauna mtu tena. Kwa hiyo anauliza ile ndoo, ambayo kwa madai yake imerithiwa tangu enzi za babu zao, itaachiwa nani mwaka huo, na kama wanafunzi wa Gredi ya 10 wa mtaala mpya wana umilisi unaotakiwa wa kubeba ndoo isiyo na mkono. Neno "umilisi", ambalo mtaala huo umejengwa juu yake, limekaa hapo kwa ustadi mkubwa. Ningempa mwandishi huyu kurasa tatu.

Shairi la kuagana limewekwa peke yake kwenye ukurasa wa mwisho wa ndani. Nanukuu ubeti wake wa kwanza (pure ni mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja):

Kwaheri mwalimu zamu, kengele sitasikia,
Usingizi ni mtamu, nyumbani wanililia,
Ile pure yenu ngumu, wa tatu nawaachia,
Saa kumi za usiku, nitageuka kulala.

Mizani kumi na sita imetimia katika kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho vimeshikana katika mishororo mitatu, na kituo, yaani mshororo wa mwisho, kimejitenga navyo makusudi ili kichekesho kiangukie hapo. Beti zilizofuata hulegea, na ubeti wa nne una mshororo mmoja wenye mizani kumi na nne, lakini kwa watoto waliokuwa wakijiandaa kwa mtihani wa taifa hiyo si aibu. Mwalimu wao wa Kiswahili apewe shukrani zake.

Pale kitabu kinapoanguka, kinaanguka kwa sababu ya maneno ya kuazima. Kuna kurasa mbili za "nukuu za hekima" zilizookotwa kwenye intaneti, zikiwaambia wahitimu wazifuate ndoto zao na kuyafikia mawingu, na zingeweza kuchapwa kwa ajili ya shule yoyote ya mahali popote bila kubadilishwa herufi. Nilipowauliza wanakamati walisema kwamba hawakuziandika wao. Kijitabu kinachokunjwa katikati na kubanwa pini lazima kiwe na kurasa zinazogawanyika kwa nne, kwani kila karatasi ikikunjwa hutoa kurasa nne. Watoto walipeleka kurasa 46, na mtu wa dukani akajaza mbili zilizobaki kwa alichokuwa nacho kwenye kompyuta bila kumwuliza mtu. Angeziacha tupu, zikawa nafasi ya saini. Saini ndizo watoto walizozihitaji, na sasa wametia saini juu ya mawingu.

Sasa nifike kwa mchapaji. Picha zimetoka nyeusi mno, hasa za watoto wenye ngozi ya maji ya kunde na weusi kama binti yangu, ambao wengine wamebaki meno na kola. Picha za simu zilizopigwa mchana chini ya mwembe zilihitaji kuongezwa mwanga kabla ya kuchapwa, kazi ya dakika chache kwa kila moja, na mpiga chapa yeyote mwenye uzoefu wa pwani hii anapaswa kujua hivyo. Ritifaa zimepotea kitabu kizima, kwa hiyo aliyetaka kusoma ng'ambo ataisoma "ngambo". Katika ukurasa wa 19 maelezo mawili yamebadilishana picha: binti yangu, ambaye azma yake ni uhandisi wa bandari na anaitazama ile ya Lamu iliyofungua gati yake ya kwanza mwaka 2021, anaonekana akiwa na ndoto ya kumiliki kinyozi cha wanaume, na mvulana mwenye masharubu ameandikiwa kwamba mwisho wake ni kumlaza baba yake njaa kwa kuunguza wali. Binti yangu mwenyewe amecheka sana, na baba aliyelazwa njaa, ambaye ni mimi, sina budi kukiri kwamba wali wenyewe huwa unaungua kweli.

Kosa nisiloliweza kulicheka ni pini. Kitabu cha kurasa 48 chenye jalada zito kimebanwa kwa pini mbili za kawaida za ofisini, na karatasi ya katikati, yaani ile ya taarifa ya habari, ilichomoka katika nakala yangu kabla sijafika nyumbani. Anayeishi hapa anajua pia kwamba hewa ya chumvi haichelewi kuiotesha pini kutu, na kutu hiyo hula karatasi pande zote mbili za mkunjo. Kujalidi kwa uzi kungeongeza gharama, lakini pesa zilikuwepo: zilitumika kwenye lile jalada linalong'aa, ambalo limeanza kujikunja kwa unyevu na linaonyesha alama za vidole vya kila aliyelishika. Jalada la karatasi ya kawaida lisilong'aa, kurasa za ndani za rangi nyeusi na nyeupe zilizopigwa vizuri, na uzi, vingetosha kwa bei ileile au iliyo karibu nayo.

Ningekinunua tena kwa shilingi 650, na nimemnunulia nakala shangazi yake binti yangu aliyeko Mambrui. Kwa kamati ya mwaka 2026, ombi langu ni kwamba kazi ipelekwe dukani mapema katika muhula wa pili, kabla moki, yaani mitihani ya kujipima, na haraka za mtihani hazijawafunga watoto mikono, na kwamba mwanafunzi mmoja aketi kando ya mtu wa kompyuta mpaka kila picha ikae juu ya jina lake. Itakwe nakala moja ya majaribio iliyokwisha kubanwa, isiwe faili ya kutazamwa kwenye simu, na malipo ya mwisho yasitolewe kabla mtu hajaifungua na kuifunga nakala hiyo mara kadhaa. Mkilikuta duka hilohilo linawapa bei nzuri, lichukueni tu, kwani wahudumu wake ni wapole na walimaliza kazi siku waliyoahidi. Ila ulizeni uzi kwanza, na kurasa zikibaki, ziacheni tupu.