Mkaa wa vifuu vya nazi: nimeupikia wiki sita, haya ndo niliyoyaona

Mi mkaa mbadala nilishaukataa zamani. Mwaka juzi nilinunua mfuko kwa jamaa mmoja alikuwa anapitisha na bajaji mtaani, jina lao naliacha, jamani ule mkaa ulitoa moshi jiko zima machozi matupu, halafu nusu yake udongo, yaani umeungua umeisha lakini vidonge vimesimama palepale vyeupe na umbo lao kama vinanicheka. Mama mkwe akaja akaangalia akasema mwanangu, umeuziwa matofali. Nikarudi kwenye gunia langu.

Sasa huu wa sasa hivi unatengenezwa na kikundi cha kina mama huko Mkuranga, kwa vifuu vya nazi. Wanavichoma kwenye pipa lisiloingiza hewa nyingi mpaka viwe mkaa, wanasaga, wanachanganya na uji wa unga wa muhogo ili ushikane, wanashindilia kwenye mashine unatoka mrefu una tundu katikati, ndo wanauanika. Kilo 5 nimenunua elfu 7, kwaiyo kwa kuuangalia tu ni ghali kuliko mkaa wa kawaida wa hapa mtaani, na mi nilinunua kwa kulazimishwa na shoga yangu sio kwa imani.

Nikaupima na maharage, maana maharage ndo yanakula mkaa nyumba hii. Nimepima kilo moja ya mkaa huu, nimewasha saa nne kasoro, maharage nilikuwa nimeyaloweka usiku, yakaiva kabla ya saa sita. Moto bado upo. Nikabandika wali wa nazi, ukakauka, nikachukua makaa manne nikapalia juu ya mfuniko, hayarushi cheche wala hayapasuki kama ule mwingine unaokutobolea dera. Saa tisa mchana napasha maji ya kumuogesha mtoto kwenye jiko lilelile sijaongeza hata kipande. Hapo ndo nikanyamaza. Mkaa wa gunia kwa kazi hiyo ningeongeza mara mbili au tatu, kwaiyo ile elfu 7 ukiigawanya kwa masufuria inakuwa sio ghali tena.

Lakini kuwasha sasa. Jamani kuwasha! Dakika ishirini na ushee, unapepea mpaka mkono unakufa, na usipoanzishia na vipande vichache vya mkaa wa kawaida chini au vifuu vikavu hauwaki. Kwaiyo chai ya asubuhi ya watoto wa shule sahau, hiyo napikia gesi. Ugali wa watu sita pia moto wake unakuwa wa taratibu mno, maji yanachelewa kuchemka. Na ukishawaka usiuchokoe, unamomonyoka unajifukia na majivu yake, panga kwa kuachanisha hewa ipite kwenye yale matundu halafu uache. Mfuko wangu wa pili uliingia unyevu kipindi cha mvua, ukaanza moshi, mpaka nikauanika upya, sasa hivi nauweka kwenye ndoo yenye mfuniko.

Kingine, usije ukauingiza chumbani kwa sababu eti hauna moshi. Ile hewa ya sumu ipo vilevile, huioni wala huinusi.

Mi kilichonifanya nijali ni kwa bibi Kisarawe. Tulikuwa tunaingia porini kuokota mabungo, ukiita mwenzako humuoni, leo ukisimama palepale unaona magari barabarani. Lile tanuri la kufukia na udongo linakula kilo 8 mpaka 12 za mti kupata kilo moja tu ya mkaa, na huo ndo tunaupikia Dar. Serikali imesema ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania tuwe tunatumia nishati safi, sawa, ila gesi ya kuchemshia makande saa mbili nzima kila wiki mi sina hela hiyo.

Ila tusidanganyane, neno mbadala halimaanishi kitu kimoja. Muulize muuzaji umetokana na nini. Mwingine ni chenga za mkaa zilizozolewa kwenye maghala, huo ni mti uleule, japo afadhali kuliko zitupwe. Mwingine ni makaa ya mawe, kama ule wa STAMICO, shirika la madini la serikali, hapo mti haukatwi lakini ni kitu kimechimbwa ardhini. Yule wa bajaji nilivyomuuliza alisema "ni material ya asili mama", na udongo nao ni asili bwana. Wa vifuu utaujua, ni mzito, ukigonga kimoja kwa kingine vinalia kang'kang', na majivu yake ni machache, ukiona majivu yamejaa jiko ujue umepigwa.

Kwangu ni nane kwa kumi, mbili nimekata kwa ajili ya kuwasha. Mama mkwe sasa hivi anauita mkaa wa maharage na juzi kanichukulia kilo mbili bila kuniaga. Nimeagiza kilo 20 nyingine, ila nimewaambia wasiniletee siku ya mvua.